Kanda ya Msiba wa Anyesi

Saa kumi na moja jioni, uani kwa Mzee Matonya kule Haneti, Kefa aligundua kwamba kanda zimekwisha.

Kefa alikuwa mpiga video wa harusi na misiba pale Dodoma mjini, na kwa kujisifu hakuwa na mpinzani. Mwaka ule, tisini na sita, televisheni za watu binafsi zilikuwa zimeanza Dar es Salaam, naye akaota jina lake likipita kwenye kioo. Ndiyo maana siku tatu alikuwa akitengeneza filamu ya maisha ya Mzee Matonya, mchoraji aliyechora kwenye kitambaa kwa vidole, kwa udongo mwekundu na majivu. Mzee hakuchora vitu vya kichwani. Alichora kilicho mbele ya macho yake, basi.

Kilibaki kipande kimoja: mzee akianza picha mpya mpaka aimalize.

Mkobani mlikuwa na kanda moja tu, ya msiba wa Anyesi, binti wa miaka saba wa Chamwino. Mtoto yule hakuwahi kupigwa picha hata moja alipokuwa hai. Sura yake ilikuwa humo tu, ndani ya jeneza lililofunuliwa. Mama yake, Paulina, alikuwa ameshaifuata kanda mara nne. "Kesho, mama," Kefa alimjibu kila mara, na kesho ya fundi kila mtu anaijua.

Kijino cha kanda alikwisha kukivunja ili isifutike. Sasa akaziba tundu lake kwa selotepu ili irekodi upya. Dakika tano za mwanzo tu, alijiambia, pale watu wanapopanga viti. Nani analilia viti?

"Anza, mzee. Nitazame mimi."

Matonya akachovya vidole. Likaja duara, kisha shavu. Mkono haukusita hata mara moja, na Kefa, akidhani anachorwa yeye, akanogewa mpaka akasahau saa.

Ndipo akasikia wimbo kwenye hedifoni.

Kwa mbali... Wanawake, wakiimba wimbo wa kuaga.

Akageuka. Uani hapakuwa na mtu.

"Mwambie binti asogee," mzee alinong'ona, bila kuacha kuchora. "Ananizibia mwanga."

"Binti gani, mzee?"

"Huyo nyuma yako. Wa gauni jeupe."

Harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani. Ilikuwa Oktoba, na Haneti haikuwa imeona tone la mvua tangu masika. Wimbo ukakatika. Yakafuata masepetu.

Chwaa... Chwaa... Chwaa...

Kisha kimya.

Kefa alibonyeza kitufe cha kuzima. Taa nyekundu ikaendelea kuwaka. Akabonyeza tena, maana sasa alijua kanda imefika wapi: pale watu walipokuwa wanamfukia mtoto. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Kamera ikajizima yenyewe, kanda ilipokwisha.

Kwenye kitambaa alikuwa Anyesi. Ndani ya jeneza alikuwa amefumba macho. Hapa alikuwa ameyafumbua.

"Iondoe," Matonya alisema, akifuta mikono kwa haraka. "Giza lisiikute kwangu."

Kesho yake asubuhi Kefa alikuwa Chamwino, picha imekunjwa kwapani. Aibu ilimkaba, lakini alijipa moyo: angalau mama wa watu ataiona sura ya mwanawe. Alimkuta Paulina jikoni, anakoroga uji.

"Shikamoo, mama. Nimekukosea sana. Kanda... nimeifuta."

"Marahaba, baba." Paulina hakulia. Akamimina vikombe viwili. "Kanda ya nini tena?"

Akatupa jicho kwenye mlango wa chumbani, kisha akashusha sauti.

"Amerudi jana, jua likizama. Mwenyewe, kwa miguu yake. Nikasema labda nimepata wazimu. Alfajiri nikaenda makaburini kuhakikisha. Pale tulipomlaza hapana tuta, hapana msalaba. Ni nyasi kavu tupu, jembe halijawahi kupaona."

Kefa akarudi hatua moja nyuma.

Chumbani, kitanda kililia.

"Ingia umsalimie," Paulina alinong'ona, akimpa kikombe kimoja ampelekee. "Usiku kucha anakuulizia. Anasema alikuwa amelala vizuri, wewe ndiye uliyemfukua."