Gauni Lililoongezwa Kila Mwezi

Jioni ile nilikuwa nafunga kibanda changu cha ushonaji niwahi duka la dawa kabla halijafungwa. Nilikuwa nimechelewa siku nne. Kwa mwanamke aliyetafuta mtoto miezi mitano, siku nne si haba. Nilitaka kununua kipimo, nikifika nyumbani nijifungie chooni, nijue moja.

Nimeshashika kufuli... nikasikia harufu.

Maziwa yaliyochacha.

"Fundi," sauti ilinong'ona nyuma yangu. "Bado hujafunga?"

Alikuwa mteja wangu wa gauni la kijani. Jina hakuwahi kunipa, na mimi kwa uzembe wangu sikuwahi kumuuliza. Tumbo lilimtangulia mlangoni.

Ngoja niwaambie kosa langu. Mara ya kwanza alipokuja, tumbo lake lilikuwa bapa kama langu. Alileta kitambaa nikakishona, lakini siku ya kujaribu akakataa katakata kuingia nyuma ya pazia. "Tunalingana mwili," aliniambia. "Livae wewe, mimi nitaliona." Sisi mafundi tunafanya hivyo mara nyingi tu, mteja akiwa na haraka. Nikalivaa. Akanizunguka polepole, akanibana pini kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akatabasamu. Wiki ileile mimi na mume wangu ndiyo kwanza tulikuwa tumeamua kutafuta mtoto.

Mwezi uliofuata niliamka asubuhi nikaona siku zangu. Jioni yake akaja. "Limenibana tumboni, fundi. Niongezee kidogo." Nikafumua mshono, nikaongeza, nikampa na hongera juu.

Mwezi wa pili, vilevile. Wa tatu nikachungulia kalenda. Kila siku niliyolia mimi, jioni yake alikuja yeye. Na kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ambacho nilikiacha inchi moja tu, hakikuwa kinaisha. Nilikuwa nafumua, nakikuta kipo.

Nilimwambia mume wangu, akacheka.

"Daktari kasema miezi michache si kitu, tusubiri hata mwaka. Sasa mama wa watu kakukosea nini? Kwa sababu ana tumbo?"

Niliona aibu. Lakini kesho yake nilimuuliza jirani yangu msusi, ambaye hushinda kibarazani akisuka watu, kama anamfahamu yule mteja anayenijia jioni.

"Mteja gani?" aliniuliza. "Mimi nakusikiaga unaongea peke yako, dada. Nilidhani uko kwenye simu."

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu mwenye tumbo.

Sasa yuko mbele yangu, kanishikisha gauni lake.

"Niongezee. Hii ndiyo mara ya mwisho."

Nilijishika tumbo bila kujua. Macho yake yalifuata mkono wangu.

"Leo umechelewa," alinong'ona.

Hasira ilishanipanda. Wanne nimempa kwa ujinga. Huyu wa tano simpi! Nikachukua gauni nikaingia nalo nyuma ya pazia, kwenye cherehani, na badala ya kuongeza nikapunguza. Nikakunja mshono, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

Upande wa pili wa pazia... pumzi.

Nzito. Za mtu anayetua mzigo.

Nikabana tena. Akaguna. Nikajichoma kidole, lakini sikuacha, nikabana hadi kiuno kikarudi kile cha siku ya kwanza.



Nilipofungua pazia alikuwa amesimama palepale. Tumbo bapa. Uso umemchangamka. Alipokea gauni lake bila kulikagua, akanishika mkono kwa kiganja cha baridi.

"Ahsante, fundi," alinong'ona. "Nilikuwa nimechoka kumbeba."

Asubuhi nilinunua kipimo, kikatoa mistari miwili. Mume wangu alinikumbatia akalia, mimi nikalia, mama mkwe akapiga kelele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Lakini wiki haikuisha kabla nguo zangu zote hazijanibana. Mama mkwe alitania kwamba mjukuu wake ana haraka, kamrithi babu yake. Nilicheka naye. Usingizi sikuupata.

Mwisho wa mwezi tulikwenda kliniki. Nesi, mama mtu mzima, aliniuliza mara ya mwisho niliona siku zangu lini. Nikamtajia tarehe. Akanipapasa tumbo, akanipapasa tena. Kisha akaniwekea mashine.

"Mama, mimi usinifiche," alisema kwa upole. "Huyu anaingia mwezi wa sita."

Nikamwapia kwamba kila mwezi niliziona siku zangu, kasoro huu mmoja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea kudanganywa, akanigeuzia skrini. Kichwa kipo. Mikono ipo. Moyo unadunda vizuri. Mtoto akanipiga teke, la kwanza, na Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nampenda. Nawaambia ukweli wangu, nampenda.

Ila nesi aliponiuliza kama amwite baba wa mtoto aingie aone, sikujua ni nani angeingia mlangoni.