Gemu la Kumwibia Mama Yangu

"Bonyeza hapo pameandikwa 'Mimi mwanao', dada, halafu uone huyu bibi anavyoingia mkenge!"

Aliyekuwa anaongea ni mteja wangu. Mimi ni msusi, na nilikuwa nimefika katikati ya kichwa chake, kitana mdomoni, vidole vinauma. Nikainama kuangalia simu yake kwa adabu tu. Mteja akicheka na wewe cheka, ndiyo kazi ilivyo.

Sikucheka.

Kwenye simu kulikuwa na bibi mfupi, gauni la maua ya njano, bega moja limeinama. Anazunguka jikoni, ananung'unika:

"Nani kachukua birika langu? Nani?"

Jamani... ile sauti ni ya mama yangu mzazi!!

Sisemi ilifanana. Ilikuwa yenyewe, mpaka kale kakikohozi kake kabla hajasema "nani".

"Vipi dada, mbona umesimama?"

"Hilo gemu... linachezwaje?"

"Rahisi tu. Unaingia kwa bibi, unatafuta hazina. Hazina zenyewe ni vyombo vya ndani, si unaona vinavyong'aa? Chujio liko chini ya mto. Miwani iko kwenye kopo la sukari. Funguo ziko ndani ya unga. Bibi akikukamata anauliza 'Wewe ni nani?' Unabonyeza 'Mimi mwanao'. Basi! Kwisha habari yake. Anakuachia na zawadi anakuongezea!"

Akacheka mpaka kichwa kikanitoka mkononi.

Wasomaji wangu, ngoja niwaeleze. Mama yangu anasahau. Huu ni mwaka wa tatu. Anaamini nyumba imejaa wezi, kwa hiyo kila kitu anakificha. Kwetu asubuhi huanza kwa msako. Mimi napekua jikoni, mdogo wangu anapekua chumbani, na birika lisipopatikana hakuna chai. Chujio kweli hukaa chini ya mto. Funguo kweli hukaa kwenye unga.

Na wanaojua maficho hayo ni watu wawili tu duniani. Mimi, na mdogo wangu.

Mdogo wangu tunamwita Injinia, tangu alipofungua redio ya nyumbani akiwa darasa la nne akashindwa kuifunga. Siku hizi anatengeneza magemu. Anakaa chumba cha nyuma, hedfoni masikioni, na kazi yake moja hapo nyumbani ni kumwangalia mama nikiwa saluni. Moja!

"Halafu hujaona uhondo wenyewe," mteja akaendelea. "Kuna watu wamempata bibi halisi! Nyumba ni ileile ya kwenye gemu. Wameenda kuchukua vitu vyenyewe, ona!"

Akanionyesha picha.

Mlango wetu wa kijani. Ngazi yetu iliyovunjika pembeni. Vijana watano wamesimama wanacheka, mmoja ameinua pasi ya mama juu kama kombe.

Ilikuwa imewekwa dakika ishirini zilizopita.

"We dada! Unakwenda wapi? Kichwa changu je? Dada!"

Nilitoka na aproni, mikono imejaa mafuta, nikakimbia mtaa mzima. Watu wakadhani nimefukuzwa.

Nikakuta mlango wazi.

"Mama! Mama uko wapi?"

"Niko huku! Kwani nani anapiga kelele?"

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, anatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu hivyo tangu aanze kuumwa. Rafu zote zilikuwa tupu. Birika hakuna. Chujio hakuna. Pasi, kitana, kopo la sukari, hakuna.

"Mama, nani kaingia humu?"

"Wanangu." Akashusha sauti, kama ananiibia siri. "Leo wanangu wamekuja kunitembelea. Watano!"

"Mama, una watoto wawili."

"Leo walikuwa watano. Kila mmoja kaniambia, mama, mimi mwanao. Nikawapa zawadi. Mtu hatoki kwa mama yake mikono mitupu."

Ndipo nikaona macho yake yanavyohangaika kunitafuta.

"Miwani yako iko wapi?"

"Yule wa mwisho aliipenda. Nikamvulia."

Nyie... nilihisi kichwa kinawaka moto! Wamemtoa mtu miwani usoni! Kisa pointi!

Nikaenda chumba cha nyuma nikaupiga mlango teke. Injinia yuko kwenye kiti chake, mgongo mlangoni, hedfoni masikioni. Watano wameingia, wamebeba, wametoka, yeye hana habari. Nikamvua hedfoni, nikazitupa ukutani.

"Umemuuza mama!"

"Nini? Dada, kuna nini?"

"Gemu! Sauti ya mama iko kwenye gemu! Watu wamekuja kumwibia mchana kweupe na wewe umekaa hapa hatua kumi!"

Akapauka. Akatoka mbio mpaka jikoni, akaona rafu, akarudi polepole.

"Sikujua wataijua nyumba," akasema. "Nilichora kwetu kwa sababu ndiko ninakokujua."

"Na ile 'Mimi mwanao' pia ulichora?! Shetani gani alikupa wazo hilo? Kumdanganya mgonjwa kwa jina la mtoto wake! Wewe una moyo au una betri?"

Nikamzaba kofi. Tena la mkono wenye mafuta.

Hakurudisha. Alishika shavu, akanitazama.

"Dada," akasema, "wazo ni lako."

"Langu?!"

"Sauti ya mama umedhani nimeirekodi mimi? Nimeitoa kwenye video zako. Thelathini na nane. Zile ulizokuwa unaweka statasi."

Nikaziokota hedfoni pale ukutani, nikaziweka mezani.

Hapa wasomaji wangu mnivumilie, kwa sababu tangu mwanzo wa mkasa huu kuna jambo nimewaficha.

Nilikuwa namrekodi mama. Nilianza na siku aliyoficha sabuni kwenye friji. Nikaweka statasi, nikaandika, "Bibi wetu leo kaamua sabuni nayo ipate baridi." Watu walikufa kwa kicheko. Wateja walikuja saluni wananiuliza, bibi leo kafanya nini? Nikawa maarufu kidogo. Na mtu ukishaonja kushangiliwa, unatafuta kingine.

"Unaikumbuka ile ya mlango?" Injinia akauliza.

"Usianze."

"Ulitoka nje, ukagonga. Mama akauliza wewe ni nani. Ukasema, mimi mwanao, nimekuja, nipe zawadi. Akakupa kijiko. Ukatoka, ukagonga tena. Akakupa kikombe. Ukagonga tena. Mara saba, dada! Mara saba mama anafurahi mtoto wake amerudi, na wewe mara saba unaishika simu unacheka. Mara ya saba alikuwa hana cha kutoa, akakuvulia kandambili zake."

"Ilikuwa utani..."

"Na mimi nilitengeneza utani. Wako ulikuwa mtamu, wangu umekuwa mchungu? Mkuki kwa nguruwe, eh?"

Akageukia kompyuta, akaongeza sauti, akabonyeza kitu kimoja. Bibi wa kwenye gemu akatoa birika. Kengele zikalia. Halafu likasikika cheko, cheko la mwanamke, refu, la kuvuta pumzi katikati.

"Hilo ndilo linalolia mchezaji akipata hazina," akasema. "Watu wanalipenda kuliko kitu chochote."

Lilikuwa cheko langu.

Nilikaa chini, sakafuni, palepale. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimetoka saluni mbio nikiwa nimelinyoshea kidole la mwenzangu.

Injinia aliliondoa gemu kabla jua halijazama. Aliwaandikia wale watano, na pasi na birika vikarudi, vimeachwa mlangoni bila salamu. Miwani haikurudi. Mimi nikafuta video zote, moja baada ya nyingine. Ilinichukua robo saa kufuta kazi ya mwaka mzima. Nikabadilisha kitasa. Nikajiambia, basi, yameisha, mama hajui lolote, na asichokijua mtu hakimuumizi.

Ndivyo nilivyojidanganya.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini mapema. Nikamkuta mama amevuta kiti mpaka mlangoni, mdogo wangu amechuchumaa pembeni yake, ameshindwa kumwingiza ndani. Mama amejaza mapajani: sufuria, taa ya mezani, foronya mbili, mwiko. Amevipanga kimoja kimoja.

"Tangu asubuhi," Injinia akaninong'oneza. "Amekataa hata kula."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, twende ndani. Baridi hii."

"Nawasubiri wanangu."

"Hawaji, mama."

"Watakuja. Wale wana adabu. Waliingia, wakanisalimia, wakanishika mkono."

Asubuhi ile ni mimi niliyemwogesha. Ni mimi niliyemlisha uji kijiko kwa kijiko, nikamfunga vifungo vya gauni. Nikamshika mikono yote miwili, nikasema kwa moyo wangu wote, bila simu, bila utani:

"Mama, mimi nipo. Mimi mwanao."

Akatulia. Hakuwa na miwani, nyingine ilikuwa bado kwa fundi, kwa hiyo uso wangu kwake ulikuwa ukungu tu. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Sema tena."

"Mimi mwanao, mama."

Akavuta mikono yake polepole. Akalikumbatia sufuria, akalivuta kifuani.

"Hapana," akasema. "Wewe sauti yako naijua. Wewe ndiye yule anayekuja kunicheka."

"Mama..."

"Nenda zako. Leo sina cha kukupa."

Somo mlilokuwa mnalingoja ni hili. Nimelipata kwa bei ambayo simtakii hata adui. Anayesahau hasahau vyote. Jina lako litapotea, sura yako itapotea, miaka uliyomtunza itapotea. Dharau uliyomfanyia itabaki, na ndiyo atakayokutambulia.

Kama una video ya namna hiyo kwenye simu yako, usinitumie komenti ya pole. Nenda kaifute, halafu kagonge mlango wa mama yako ungali unafunguliwa.

Mimi kila nikimsemesha, jibu ni lilelile: leo sina cha kukupa. Siku hizi akioga, anaogeshwa na mtu wa kuajiriwa. Mimi nampashia maji, nayaweka mlangoni, na naondoka bila kutoa sauti.