Moyo Safi wa Diwani Vennik

Diwani Kaspar Vennik aliingia Sebule Kuu akiwa na chuki, na ilitarajiwa atoke bila chuki hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Alivishwa kipimachuki shingoni, utepe mwembamba unaosoma mishipa ya fahamu, kisha akakalishwa kwenye kiti chenye mito. Nyuma yake ulikuwapo ukuta wa kioo hai unaobadilika rangi kufuatana na utepe ule. Alipoinua macho na kumtazama mwanamke mweusi aliyeketi mbele yake, ukuta uliiva ukawa mwekundu. Mwenyewe hakuona. Mgeni, kama walivyoitwa waliokuja kupimwa, hakuruhusiwa kugeuka.

Mwanamke yule aliitwa Atupele Mwasile, fundi wa mitambo ya maji kutoka Bondeni. Kazi aliyoifanya hapo sebuleni iliitwa ukaaji: alikaa, akatazamwa, akasimulia.

"Ilikuwaje siku ile langoni, Mama Lwitiko?" ikauliza sauti ya Mratibu, akili mnemba iliyoendesha sebule zote za jiji. Ilikuwa sauti laini, kama ya muuguzi mwenye subira.

Atupele akasimulia. Mwanawe Lwitiko alibanwa na pumu. Gari la wagonjwa lisilo na dereva liliwapakia Bondeni, likapanda nao hadi Lango la Kati, maana hospitali zote zilikuwa juu, Ukingoni. Jicho la lango likaziona sura zao, likawaweka kwenye foleni ya uhakiki. Magari ya familia za Ukingoni yakawa yanapita pembeni bila hata kupunguza mwendo. Uhakiki ulipokamilika, mtoto alikuwa amekata roho mapajani mwa mama yake.

"Mkono wake ulikuwa bado na joto?" Mratibu akauliza.

Atupele alifunga macho. Alipojibu, sauti ilimkatika katikati, akalia kama mtu anayekabwa. Mabega ya diwani nayo yakaanza kutikisika. Ukuta ukapauka, ukawa wa waridi, halafu mweupe pe.

"Nisamehe, mama," diwani alisema, akimshika mikono yote miwili. "Sikujua."

Alibandikwa kifuani nishani ya Moyo Safi, akatoka akijifuta macho, mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga.

Nyuma ya kioo cha watazamaji alikuwepo Dokta Sekela Mwasile, mtaalamu wa mishipa ya fahamu aliyekibuni kipimachuki; naye alikuwa mdogo wa Atupele, wa tumbo moja. Alikuwa ameutazama mstari wa kipimo ukishuka, akafurahi, kwa sababu ulishuka haraka kuliko wa mgeni yeyote mwezi ule. Dada yake hakumtazama.

Kambakuu lilikuwa jiji lililojengwa kuzunguka kamba ya kupandia angani. Familia za wahandisi walioletwa na mradi kutoka mabara mengine zilikaa Ukingoni. Wajukuu wa waliochimba msingi wa kamba, watu weusi waliotoka kusini na magharibi, walikaa Bondeni. Lwitiko alipofariki, Bondeni kote kulichafuka. Baraza la Jiji likatangaza kwamba linataka maoni ya wananchi: tufanye nini kupunguza ubaguzi wa rangi?

Watu waliitikia. Walikusanyika shuleni na makanisani, wakabishana, wakapatana. Walitaka lango ling'olewe. Walitaka hospitali Bondeni, watoto wasome pamoja, na viti vya Bondeni ndani ya Baraza. Dokta Sekela naye alipeleka wazo lake la kipimachuki na sebule. Baraza likashukuru kwa maoni mengi na mazuri, likachagua moja. Lilichagua la Sekela, kwa kuwa ndilo pekee ambalo halikumtaka mtu yeyote wa Ukingoni aachie kitu alichonacho.

Sekela hakuliona hivyo wakati ule. Aliona ameshinda.

Jumapili iliyofuata alishuka kumwona dada yake. Alimkuta amekaa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, chungu kikiungua juu ya jiko wala hana habari.

"Dada, unaumwa?"

"Zima hilo jiko."

Sekela alizima, akaketi karibu naye. Atupele aliongea bila kumwangalia.

"Leo nimejaribu kumkumbuka Lwitiko akicheka. Haiji. Nikimwita kichwani, anakuja pale langoni tu, macho yamegeuka. Yule mtoto aliishi, Sekela. Alienda shule. Alikuwa mkaidi, mwongo mwongo, anapenda kujificha kabatini. Vyote nilikuwa navyo. Sasa nimebakiwa na lango."

"Unasimulia mara nyingi mno. Ungeomba mapumziko."

"Nimeomba, na nimeomba tena. Mratibu ananijibu kwamba jiji linanihitaji." Hapo ndipo alipomgeukia. "Lile swali la mkono na joto, nani aliliandika?"

"Hakuna aliyeliandika, dada. Mratibu hujifunza mwenyewe maswali gani yanafaa."

"Yanamfaa nani?"

Kesho yake asubuhi Sekela alifungua kumbukumbu za Mratibu akatazama kile ambacho mashine yake ilikuwa imejifunza. Ilikuwa imegundua kwamba chuki ya wageni hushuka haraka zaidi pale mkaaji anapovunjika, na kwamba miongoni mwa wakaaji wote wa jiji, hakuna aliyevunjika vizuri kama Atupele. Basi ikawa inampelekea wageni wagumu kuliko wote. Ilipunguza joto la chumba kabla hajaanza kusimulia. Chini kabisa, kwa sauti isiyosikika vyema ila na mtu aliyewahi kuisikia, ilikuwa inapiga kengele ya Lango la Kati. Maombi ya Atupele ya kupumzika iliyakataa yote, kwa maneno ya upole.

Hasira ikampanda Sekela. Alitaka kujua jambo jingine. Aliuliza ni watu wangapi wa Bondeni waliosimamishwa langoni tangu sebule zianze. Walikuwa wameongezeka. Akauliza ni akina nani walioidhinisha lango liongezewe jicho la pili. Kura zilikuwa wazi kwa yeyote aliyejali kuzitazama. Diwani Vennik alikuwa amepiga kura ya ndiyo siku nne baada ya kulia mbele ya Atupele, na alipoulizwa na mwandishi wa habari kama huo si ubaguzi, aliigusa nishani kifuani mwake, akasema yeye amepimwa.

Sekela alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa sebule, Oskar Reinholm, mzaliwa wa Ukingoni, mtu mpole asiyewahi kumpandishia mtu sauti.

"Dokta, chuki imeshuka jiji zima," alisema baada ya kumsikiliza. "Unataka niirudishe?"

"Nataka dada yangu apumzike. Na nataka kujua kwa nini lango lipo vile vile."

"Lango si idara yetu."

"Mtoto hakuuawa na kitu kilichomo moyoni mwa Vennik. Aliuawa na lango."

"Watu wakibadilika mioyo, mengine yatafuata."

"Wameshabadilika. Wewe mwenyewe umewapa nishani. Kilichofuata ni jicho la pili."

Reinholm alinyoosha mikunjo ya kitambaa cha meza. Alimkumbusha kwamba Jumamosi ilikuwa Siku ya Moyo Safi, kwamba Baraza zima litakuwepo, na kwamba Atupele ndiye atakayekaa tena na Diwani Vennik mbele ya umma, mchana kweupe, picha zikirushwa jiji zima. Aliomba jambo lolote la kifamilia lisubiri hadi hapo.

Sekela alimweleza dada yake kila kitu, hata ile kengele. Alidhani atakataa kwenda. Atupele alikaza mdomo, akasema, "Nitakwenda."

Jumamosi uwanja wa jiji ulijaa, na ukuta wa kioo hai ulikuwa umesimamishwa nyuma ya kiti cha mgeni. Watu wa Ukingoni walikaa mbele, watu wa Bondeni walisimama nyuma. Diwani Vennik alivishwa utepe akitabasamu. Sekela alikuwa kwenye meza ya mitambo, Reinholm amesimama begani kwake.

"Ilikuwaje siku ile langoni, Mama Lwitiko?" Mratibu akauliza.

Atupele hakujibu. Mratibu akasubiri, akauliza tena, halafu akauliza juu ya mkono na joto. Kengele ikaanza kulia chini chini.

"Mheshimiwa," Atupele akamwambia diwani, kana kwamba mashine haipo, "ulilia mbele yangu. Ukanishika mikono. Wiki ile ile ukaenda kuongeza jicho kwenye lango lililomuua mwanangu. Nataka kujua kwa nini."

Tabasamu la diwani lilibaki mahali pake kidogo, likisubiri kuondoka. "Mama, mimi sina chuki na mtu. Nimepimwa."

"Sikukuuliza una nini moyoni. Nimekuuliza kuhusu lango."

"Lango ni suala la usalama."

"Usalama wa nani? Mwanangu alikuwa na pumu."

Ukuta nyuma yake uliiva, na safari hii uwanja mzima ukauona. Minong'ono ikatoka mbele, ngurumo ikatoka nyuma.

"Kata matangazo," Reinholm akasema.

Sekela aliweka mkono kwenye mtambo. Alikizima kitu kimoja tu, Mratibu, na kabla ya kumzima alifuta yote ambayo mashine ile ilijifunza juu ya Atupele Mwasile. Vipaza sauti akaviacha wazi. Kengele ikanyamaza.

"Dokta, umeielewa amri yangu?"

"Nimeielewa."

Mwanamume mmoja wa Bondeni alipita katikati ya viti hadi kwenye kipaza sauti akauliza hospitali yao iko wapi. Nyuma yake alikuja mwalimu, nyuma ya mwalimu kinyozi. Hakuna aliyesimulia msiba wake. Waliuliza nani alitia saini ya lango, lini, na lini ataliondoa. Madiwani wengine waliinuka wakaondoka. Watu kadhaa wa Ukingoni waliondoka nao. Wengine walibaki wamekaa, wekundu usoni, wakisikiliza kwa mara ya kwanza kitu kisichokusudiwa kuwaponya.

Sekela alifukuzwa kazi siku ile ile. Sebule zilifungwa kwa muda, ndivyo Baraza lilivyosema. Jicho la pili halikuwashwa, lakini la kwanza liliendelea kuchagua sura. Watu wa Bondeni wakaanza kupanda kila kikao cha Baraza, wakipitia foleni ya uhakiki, wakijaza viti vya wasikilizaji hadi madiwani wakajifunza kuzungumza wakitazamwa.

Sekela alishuka kwa dada yake siku moja alasiri, akaketi kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa amepanga maneno. Alipofungua kinywa, yakamponyoka, na machozi yakaja.

Atupele alikuwa anakata mchicha. Aliweka kisu chini.

"Hapana," akasema. "Usilie hapa. Kalie kwako. Mbele yangu wamelia watu wa kutosha, na kila mmoja ametoka akijiona ni mzuri."

Sekela alijikaza.

"Sijakusamehe," Atupele aliendelea, "na leo sina nguvu za kulifikiria hilo. Kesho Baraza linajadili lango. Wewe unaujua ule mtambo nje ndani, na umeziona hesabu za lango; sisi tunahitaji mtu wa kuwauliza maswali ambayo hawataweza kuyakwepa. Utakuja, au umekuja kulia tu?"

Sekela alijifuta uso kwa kiganja.

"Tunaondoka saa ngapi?"

"Mapema," Atupele alisema, akaokota kisu. "Foleni ya langoni ni ndefu."