Tende ya Pili

"Shuka kwanza, mama. Huo mzani unakudanganya."

Mwanamke aliyekuwa amesimama juu ya mzani wa kando ya barabara aligeuka. Ilikuwa siku ya soko na Kitale ilikuwa imejaa hadi mitaroni: mikokoteni ya kabeji, spika za wauza dawa ya panya, wakulima wa Kachibora walioleta mahindi tangu alfajiri na bado wanasubiri kuambiwa bei na watu ambao hawajawahi kushika jembe. Mwanamke huyo alikuwa amevaa dera la rangi ya machungwa lenye maua meusi, na ushungi mweusi. Marobota mawili ya kitambaa yalikuwa chini, karibu na miguu yake.

"Nani amekuita?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniita," alisema Ubaid. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, gambuti miguuni, vumbi la mahindi limemkaa hadi kwenye nyusi. "Lakini mimi nakula kwa mzani. Napima mahindi kwa ile stoo pale. Angalia hapa, mguu mmoja umekanyaga changarawe."

"Wewe Ubaid, usiniharibie biashara!" mwenye mzani alilalamika. "Kilo ni zake, si zangu!"

Ubaid hakumjali. Aliinama, akaondoa changarawe, akausawazisha mzani kwa kiganja. "Haya, panda tena. Sasa utaona umepungua."

Akapanda. Mshale ukasogea, ukapita pale ulipokuwa mara ya kwanza, ukaendelea mbele kidogo, ukasimama.

Wote watatu waliinama kuusoma. Kisha mwanamke akapasuka kwa kicheko, kicheko cha tumbo, hata muuza kabeji akasimamisha mkokoteni wake.

"Ati nitapungua! Asante sana, Bwana Mzani. Umenisaidia kweli kweli."

Ubaid alitamani lami ifunguke immeze. Ili kuficha aibu, akabeba robota moja begani na lingine kwapani. "Unaenda stendi? Nitakupeleka."

"Shati lako limefumuka hapo kwapani," mwanamke alisema wakitembea. "Huna mtu wa kukushonea?"

"Nilikuwa naye. Mungu alimchukua."

Mwanamke alipunguza mwendo. "Wangu pia," akasema. "Mimi naitwa Shamira. Ni fundi wa nguo, Bungoma, karibu na msikiti. Hilo shati nitumie, nitalishona. Usilivae tena mbele za watu, bana, utawaua kwa kicheko."

Hivyo ndivyo shati la Ubaid lilivyosafiri hadi Bungoma, na liliporudi limeshonwa na kupigwa pasi, lilirudi na nambari ya simu.

Tangu kifo cha mke wake Hasina, simu ya Ubaid ilikuwa ya kuulizia magunia tu. Sasa ilikuwa inalia hata akiwa katikati ya turubai, reki mkononi, anageuza mahindi juani.

"Bwana Mzani, umekula?"

"Nimekula ugali na omena. Wewe?"

"Mimi nimekula maneno ya wateja. Mmoja anataka gauni la harusi kesho, na kitambaa hajanunua!"

"Mshonee kwa gunia."

"Wee! Nitakushonea wewe koti la gunia uende nalo msikitini!"

Walicheka hivyo mwezi mzima. Ubaid hakuwa mtu wa maneno matamu. Shule aliiacha darasa la tano, pale karo ilipokuwa ya mwenye nacho, na maneno yote aliyokuwa nayo aliyaokota stoo. Basi asubuhi moja, moyo umemjaa, aliokota lile lililo bora kuliko yote.

"Umeamkaje, gunia langu la tisini?"

Upande wa pili, cherehani iliacha kulia.

"Umeniita nini?"

"Gunia la tisini! Lile lililojaa."

"Aa," Shamira alisema. Alicheka, lakini kifupi. "Haya. Wacha nishone."

Ubaid alikata simu akitabasamu. Mtu wa stoo anajua: madalali huleta magunia yaliyopungua, yaliyochanganywa na makapi, yaliyolowa maji ili yawe mazito. Gunia la kilo tisini kamili, kavu, lililojaa hadi mdomoni, ukiliona unalipapasa kwa mkono. Kwake hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Akaendelea kumwita hivyo kila siku, wala hakugundua kwamba kile kicheko cha barabarani hakikurudi tena.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba Shamira alijiunga na kundi la WhatsApp la mwanamke fulani aliyejiita Kochi. Kochi alifundisha kwamba mwanamke akipita arobaini moto wa ndani ya mwili huzimika, na ndiyo maana hunenepa hata kwa hewa. Ati ugali ni sumu. Ati maji moto na ndimu huyeyusha mafuta kama sabuni. Ati mlango wa tumbo hufungwa saa kumi na mbili jioni, na chochote kinachoingia baada ya hapo hugeuka nyama ya kiuno. Na palikuwa na majani ya kuchemsha, ya kuwasha huo moto upya, yaliyouzwa mchana kweupe. Wale wanaolipwa kukagua vitu kama hivyo walikuwa ofisini wakikagua chai yao na mandazi.

Ramadhani ilipoingia, Ubaid alimwalika Shamira Kitale kwa futari, nyumbani kwa dada yake Khairunisa, ili dada amwone kabla ya posa kupelekwa baada ya Idi. Na siku hiyo Ubaid alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu amzike Hasina: aliingia jikoni. Alikoroga uji wa wimbi. Alikanda chapati mwenyewe, zikatoka na pembe. Kuku wa kienyeji alichemka tangu adhuhuri.

"Leo mwenye nyumba ni wewe," Khairunisa alimtania. "Mimi ni mgeni!"

Shamira alifika jua likishuka, na Ubaid alipomfungulia mlango mkono wake uliganda kwenye kitasa. Lilikuwa dera lile lile la rangi ya machungwa, lakini lilikuwa limemning'inia kama lililoazimwa. Mashavu yalikuwa yameingia. Mkononi, bangili zilizokuwa zikibana sasa zilishuka hadi kwenye vidole.

"Wifi, umependeza!" Khairunisa alisema. "Mwembamba kama msichana! Unakula nini?"

Maneno hayo. Ubaid aliyasikia kama mtu anayesikia jina lake likiitwa makaburini. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwambia Hasina alipoanza kukonda. Umependeza, unakula nini? Na Hasina alicheka, akazungusha kiuno, akanywa maji jagi baada ya jagi, akaamka usiku kwenda haja, akasinzia mchana. Walipokwenda zahanati, mashine ya sukari ilikuwepo, lakini vijikaratasi vya kupimia havikuwepo. Kilichokuwepo ni picha kubwa ukutani, mheshimiwa akikata utepe. Wakapewa dawa ya malaria, wakaambiwa warudi kukiwa na vipimo. Hasina hakurudi.

Adhana ilisikika. Shamira alichukua tende moja, akaila polepole, akanywa maji, akafuta vidole.

"Karibu uji," Ubaid alisema.

"Nimetosheka, asante."

"Chapati basi."

"Nimeshiba, Ubaid. Wallahi."

"Umeshiba tende moja? Umefunga kutwa!"

"Saa hizi ni usiku. Chakula cha usiku si kizuri kwa mwili."

"Kwa mtu aliyefunga? Atakula saa ngapi sasa, saa sita mchana?" Sauti yake ilikuwa inapanda na hakuweza kuishika. "Kuku nimempika mimi. Tangu adhuhuri. Kama chakula changu kina kasoro, sema!"

"Hakina kasoro..."

"Basi kasoro iko kwako! Jiangalie, umekwisha! Wewe ni mgonjwa, Shamira. Nimezika mmoja, na sitazika wa pili!"

Kijiko cha Khairunisa kilikwama kwenye uji.

Shamira alisimama akarekebisha ushungi wake. "Mume wangu alipokufa," alisema taratibu, "ndugu zake wa Naitiri walinitazama hivyo hivyo. Waliangalia mashavu yangu, wakaangalia mikono yangu, wakanong'ona. Sikudhani nitayasikia kwako." Akamgeukia Khairunisa. "Dada, asante kwa kunikaribisha. Nitalala kwa shangazi yangu."

Akatoka. Ubaid alibaki na bakuli mkononi.

"Kwani nimesema nini?" aliuliza.

"Ubaid wewe!" Khairunisa alimrushia kitambaa cha meza. "Mwanamke mjane ukimwambia mbele ya watu kwamba amekonda, ni mgonjwa, unafikiri amesikia nini? Amesikia ukimwi! Umemtukana mpaka na marehemu mume wake!"

"Mimi nilisema sukari!"

"Ulisema sukari wapi? Hiyo sukari ilikuwa kichwani mwako!"

Alipiga simu. Ikalia, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa haipatikani. Siku zilizofuata aligeuza mahindi kama mtu anayefukua, na kila alipofunga gunia alimwona Shamira, dera likipungua, likipungua, hadi limebaki dera tupu. Akaamua. Asinipende, alisema moyoni. Aolewe na mwingine. Lakini hatakufa nikiwa natazama.

Kabatini, chini ya kanzu, alikuwa na mashine ndogo ya kupima sukari. Aliinunua baada ya mazishi, daktari mmoja alipomweleza kuwa dalili zile zilikuwa za sukari, wakati haina kazi tena, kwa hasira tu ya kuonyesha kwamba kitu walichokosa wakubwa na bajeti zao, mpiga reki anaweza kuwa nacho. Alinunua vijikaratasi vipya dukani. Akapita kwa imamu kuuliza kama tone la damu linavunja saumu, akaambiwa tone la kidole halina neno. Kisha akapika tena, akafunga vyombo kwa kitambaa, akashika njia ya Bungoma. Mji wa Matulo aliupita bila kuuona.

Alifika alasiri imekwisha. Ndani ya duka la Shamira alikuwepo mteja mmoja, Jerop, muuguzi aliyekuja kujaribu gauni, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Shamira aliinua macho kutoka kwenye cherehani, na sindano ikasimama.

"Umefuata nini?"

"Nipe kidole," alisema Ubaid.

"Nini?"

"Shamira, nipe kidole chako. Tafadhali."

Jerop aliziba mdomo kwa mkono ulio huru. Shamira alimtazama Ubaid, kanzu imejaa vumbi la safari, mkono mmoja mfukoni. Alitaka kumfukuza. Lakini polepole, bila kumtazama, alinyoosha mkono wa kushoto, kidole cha pete kimetangulia.

Ubaid akatoa mashine.

"Ubaid! Mimi nilidhani..."

"Ninajua. Pete itakuja. Kwanza hii." Aliingiza kijikaratasi. "Sikumaanisha ule ugonjwa. Hasina alikonda, watu wakamsifu, na kumbe ni sukari inamla. Hakuna aliyempima. Siwezi kuona hivyo tena na ninyamaze. Ukitaka nifukuze, lakini baada ya kupima."

Shamira aliweka kitambaa chini. Kisha akakifungua kiganja chote. "Choma."

Mashine ililia. Ubaid aliitazama, akamgeuzia Jerop kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Haijapanda," Jerop alisema. "Iko chini, si juu. Huyu hana kisukari leo, huyu ana njaa! Lakini Shamira, uje hospitali tupime vizuri. Unatumia nini?"

Shamira alifungua droo, akatoa majani ya Kochi na ndimu mbili. Jerop aliyanusa majani, akakunja uso. "Haya yanakuharisha, si ndiyo? Hizo kilo ni maji. Zitarudi ukinywa."

"Kama mahindi ya turubai," Ubaid alidakia. "Yanapungua uzito, punje ni zile zile."

"Na moto wa ndani?" Shamira aliuliza. "Si umezimika? Nina arobaini na nne. Na tumbo, si hufungwa saa kumi na mbili?"

"Ungekuwa umezimika ungekuwa umekufa, dada yangu. Mwili unachoma chakula hata ukilala, na hauzimiki eti kwa sababu umefika arobaini. Wala tumbo halina saa ya ukutani. Ni kile unachokula kutwa nzima ndicho kinahesabika. Ukitaka kupungua, punguza sukari kwa chai, tembea, na ule. Kufunga bila kufuturu si dayati, ni kujiua."

"Na ile ndimu ni sumu!" Ubaid alisema kwa ukali.

"Wacha, mzee. Ndimu ni ndimu tu. Haiyeyushi na haiui."

Ubaid alinywea. Shamira alikaribia kucheka, akajizuia.

"Unajua kwa nini nilianza?" alimwuliza. "Uliniita gunia. Kila asubuhi. Gunia, gunia la tisini!"

Ubaid alipigwa na butwaa. "Lakini hiyo ni sifa! Gunia lililojaa, kavu, halina kasoro! Watu wanaliomba!"

"Ubaid. Hakuna mwanamke chini ya jua anayetaka kuitwa gunia."

"Hata la tisini?"

"Hata la tisini!"

Na hapo kicheko kikatoka, kile cha barabarani, cha tumbo zima, Jerop akacheka naye hadi pini zikamwanguka. Ubaid alisimama katikati yao na aibu yake, mtu mwenye furaha kuliko waheshimiwa wote wa ukutani.

"Nitakuitaje sasa?"

"Shamira inatosha. Posa ilete baada ya Idi, kama tulivyosema. Lakini nikitaka kupunguza kilo zangu nitapunguza, kwa akili yangu. Hutanipigia kelele mezani."

"Sitapiga. Na wewe hutajificha na majani."

"Sitajificha."

Adhana ilipanda kutoka msikitini, karibu kabisa, ikajaza duka. Ubaid alifungua kitambaa juu ya meza ya kukatia nguo, kati ya mkasi na chaki. Shamira alichukua tende moja, akaila, akanywa maji, akafuta vidole. Ubaid alizuia pumzi. Alikuwa ameahidi hatasema, na hakusema.

Mkono wa Shamira ukarudi kwenye sahani, ukachukua ya pili.

"Mbona unanitazama hivyo?" alisema, mdomo umejaa. "Lete hizo chapati zako zenye pembe."