Zeze Katikati ya Magitaa

Msusi alikuwa akikatiza sokoni, gauni lake la kijani likipepea, vidole vikinukia mafuta ya nywele, aliposikia zeze likilia katikati ya magitaa ya umeme. Miguu ikagoma. Ilikuwa albamu ile ya roki ya zamani, ambayo marehemu baba yake aliipiga kila Jumapili mpaka santuri ikachakaa.

"Nifungie hiyo," alimwambia muuzaji wa santuri.

"Pole, dada, nimewahi mimi," akasema kijana mrefu mwenye shati la drafti. "Napiga zeze. Hiyo ndiyo iliyonifundisha."

"Na mimi ndiyo iliyonilea. Kaa mbali, kaka!"

Kijana akacheka, akaiachia. "Chukua. Ila unikaribishe nije kuisikiliza."

Akamkaribisha. Jumapili baada ya Jumapili wakaketi kochi moja, wakibishana kama zeze ndilo linalobembeleza magitaa au magitaa ndiyo yanayolibembeleza zeze, huku mama yake Msusi, asiyeweza tena kutembea, akiimba nao kutoka chumbani. "Kaka" likageuka "mpenzi", "mpenzi" likawa "roho yangu".

Halafu siku moja Msusi akapiga simu, ikapokewa na mwanamke.

"Amelala. Usimsumbue."

Moyo ukampasuka paa! Tangu hapo hakupiga tena, wala hakupokea. Alisuka macho yamemvimba, na redio ikigusa zeze tu, aliizima. Alimtamani hadi kifua kikamuuma.

Mpiga Zeze akaja mwenyewe saluni, amekonda, shati linamning'inia.

"Yule ni dada yangu. Nilishikwa na homa, akaniuguza. Si ungeuliza, roho yangu?"

"Niliogopa jibu."

"Msamehe, shoga," mteja mmoja akadakia, "au utupishe sisi!"

Saluni nzima ikacheka, isipokuwa Mpiga Zeze. "Bendi iliyorekodi albamu yetu inarudi jukwaani. Mzee wao wa zeze amechoka, wananitaka mimi. Ziara ng'ambo, mwaka mzima. Twende wote."

Kitana kikamponyoka Msusi. "Na mama nimwachie nani?"

"Basi siendi."

Neno "baki" lilimfika kwenye ulimi, akalimeza. "Ukibaki, iko siku utanilaumu. Nenda ukapige."

Uwanja wa ndege Mpiga Zeze alimkumbatia kama hataki kumwachia. "Utanisubiri?"

"Ukirudi, anza kwa mama. Kamwambie unanitaka. Jibu langu utalikuta kwake."

Akaingia ndani, akigeuka kila hatua. Msusi akabaki kwenye vioo, anatabasamu, machozi yanamtiririka. Hata kabla hajapotea machoni, Msusi alikuwa ameshaanza kumkumbuka.