Doa la Kutu

Kila Jumamosi, akishaanika sare yake ya shule, Luz Dary alifuatana na baba yake, Eliécer, kwenda kusafisha mazulia katika hoteli na nyumba za Bogotá. Baba alisukuma mashine, yeye akabeba brashi na ndoo.

Jumamosi hiyo waliitwa kwenye ukumbi wa harusi. Miguu ya kabati la chuma ilikuwa imeacha madoa ya kutu kwenye zulia jeupe, na harusi yenyewe ilikuwa jioni ileile. Sabuni haikufua dafu. Basi Baba akatoa mfukoni kichupa kisicho na jina, alichouziwa kwa siri. Ilikuwa asidi ya kutolea kutu. Sheria iliwaruhusu kuitumia mafundi wenye kibali tu, waliovaa glavu ndefu, na dawa ya kuzima sumu yake ikiwa karibu. Baba hakuwa na kibali. Glavu alikuwa nayo, ila imetoboka.

"Baba, imekumwagikia vidoleni."

"Mbona hainiumi? Huu mkono wa fundi, si shavu la bibi harusi," akacheka, akajifuta kwenye suruali.

Doa lilitoka. Lakini asidi ile ina hila: huzama kimyakimya mpaka mfupani, ndipo huuma. Wakinywa chokoleti ya jioni, Baba alikiangusha kikombe, jasho likimtiririka.

Njiani kwenda hospitali akamwambia Luz Dary, "Ukisema ukweli watanifungia kazi. Tutakula nini?"

Daktari, mama wa makamo, akauliza, "Umeunguzwa na nini?"

"Maji ya moto, daktari," Baba akajibu, macho yake kwa binti yake.

Luz Dary akainamisha kichwa. Baba akapakwa dawa ya mtu aliyeungua kwa maji ya moto, wakarudi nyumbani.

Asubuhi vidole vitatu vilikuwa vyeusi. Walipofika tena hospitali, Luz Dary hakungoja kuulizwa. "Ni asidi ya kutolea kutu," akasema.

Daktari akafumba macho kidogo. "Dawa yake tunayo hapahapa. Hata jana ilikuwepo."

Mkono uliokolewa. Vidole havikuokolewa. Mashine ikauzwa, maana fundi aliyebakiwa na vidole viwili kwenye mkono wa kazi hawezi kuikamata.

Siku ya kutoka hospitalini, Luz Dary alimfunga Baba vifungo vya koti huku akilia. "Ningesema jana, Baba..."

"Usijitwike mzigo wangu, mwanangu," Baba akasema. "Sheria niliiona inaninyima mkate, kumbe ilikuwa inaulinda mkono wa kuutafuta. Halafu nikakubebesha na uongo wangu. Sikiliza: mtu mzima akikwambia umfiche daktari ukweli, usimtii. Hata akiwa ni mimi."