Aliyeshika Maji

Hebu niambie: bwawa lako la uani likianza kuzeeka, unasubiri nini ndipo ukubali? Vigae vidondoke vyote? Sakafu iwakwaruze wageni nyayo mpaka watoke wanachechemea, nawe uendelee kusema ni mchanga tu?

Katika nyumba hii dalili zote zilikuwepo. Plasta ilikuwa imepata rangi ya meno ya mvutaji. Pampu ilikohoa. Upande wenye kina kulikuwa na ufa ulioanzia kwenye taa iliyoungua ukashuka hadi chini, na kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Kwa hiyo kila asubuhi mke wa nyumba, nesi wa zamu za usiku, alirudi kutoka kazini na miguu iliyovimba, akaburuta mpira wa maji hadi uani kabla hata ya kuvua viatu.

"Tuite fundi," alimwambia mumewe.

"Fundi wa nini, na mimi nipo?"

Mumewe aliitwa Injinia, hata na mama yake mzazi. Bwawa alilijenga mwenyewe, zawadi kwa mama huyo alipostaafu ualimu, maana magoti ya mama yalipata nafuu majini tu. Watu walialikwa, wakapiga makofi na picha. Tangu hapo kila aliyethubutu kutaja ufa alielezwa kwamba saruji nayo hupumua.

Asubuhi moja nesi alikuta maji hayajapungua. Hakushangilia. Mtu wa wodini hamfurahii mgonjwa aliyeacha kulalamika ghafla.

"Umeziba?"

"Si nilikwambia? Limetulia lenyewe."

Lakini ufa ulikuwa palepale, mpana wa kuingia kidole. Nesi alipiga magoti ukingoni, akauzamisha mkono, akapapasa. Kwa ndani, nyuma ya ufa, kitu laini na chenye joto kilikuwa kimejibana, kama kiganja. Akautoa mkono haraka, akajiambia ni usingizi. Usingizi ulikuwa kisingizio chake cha kila kitu siku hizo.

Ikafuata harufu, ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye ndoo. Ikafuata pumzi, ikipanda kutoka chini ya vigae, nzito, ya mtu aliyebebeshwa mzigo na kukatazwa kuutua.

Kisha mama mkwe akatoka bwawani mkavu.

"Mama, umeingia majini kweli?"

"Nimeogelea mpaka mabega yanauma. Kwani vipi?"

Nywele zilikuwa kavu. Vazi la kuogelea lilikuwa kavu kama limetoka kwenye pasi. Mama akaomba maji ya kunywa, akamaliza jagi, akaomba jingine. Katika siku zilizofuata visigino vyake vilipasuka, kisha midomo, kisha mstari mwembamba ukaanzia kwenye kipaji cha uso, ukateremka shavuni, umepinda vilevile ulivyopinda ule ufa wa bwawani. Hospitali walimpima wakamrudisha: figo nzima, sukari nzuri, anywe maji mengi.

"Wamesoma sana," mama alisema, na kucheka kukamchana mdomo.

Nesi alimtundikia dripu chumbani. Chupa ikaisha, mishipa ikabaki imelala. Akachungulia dirishani. Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni na bomba limefungwa.

"Mkwe wangu," mama alinong'ona, "kule chini kuna mtu."

"Mtu gani, mama?"

"Sijamwona. Ananishika miguu. Lakini hanivuti. Ananishika kama mtu anayeogopa kuanguka."

Nesi akamwita mganga bila kuomba ruhusa. Injinia aliwaka: mganga, ndani ya nyumba ya msomi?

"Msomi akae pembeni," mkewe alisema. "Sina nguvu za kugombana. Mama anakauka."

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua, aliyeomba kiti kwanza na kitambaa cha kufutia pua pili. Hakuchoma kitu wala kuimba. Aliagiza beseni la maji ya bwawani, akaitumbukiza miguu ya mama humo, na mchana ule mweupe, huku feni ikizunguka na jirani akisikika anafua, maji ya beseni yakaanza kupungua bila kumwagika, taratibu, na ile harufu ya nguo mbichi ikaingia kwa mlango wa nyuma ikapita sebuleni ikasimama kati yao, na kichwa cha mama kikainama, kikainuka, na mdomo wake uliopasuka ukafunguka kabla hajawa tayari kusema, ukatoa sauti ambayo haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume, sauti iliyochoka kupita uchovu wowote ambao nesi alikuwa amewahi kuusikia wodini.

"Mikono yangu imekufa ganzi," ilisema. "Niliambiwa nishike kidogo tu, mpaka fundi aje. Fundi haji."

"Unaishi kwa chakula gani?" mganga aliuliza.

"Kwa nilichopewa."

"Na nani?"

"Aseme mwenyewe. Akisema, naachia. Asiposema, bado kuna kidogo cha kunywa."

Injinia alitazama saa yake. "Huu ni uchovu wa akili. Kuna maelezo ya kitaalamu."

Nesi alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mama, akitafuta mapigo. "Nayasikia kwa shida," alisema polepole. "Sikuulizi unaamini nini. Nakuuliza ulisema nini."

"Injinia," mama akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba kama karatasi. "Kama una neno, baba, liseme. Koo linaniwaka."

Injinia akakaa sakafuni, mtu mzima na shati lake la kazini.

"Nilikuwa nakimbizana na sherehe. Zege lilikuwa bichi, nikalipiga vigae hivyohivyo. Nondo za upande ule sikuzifunga. Fundi akibomoa ataona, na wote watajua." Uani maji yakaanza kusikika yakishuka. "Nikaenda kwa mtu, akanifundisha namna ya kumwita wa kushikilia ufa. Akaja. Akauliza, humu ndani nani anayapenda maji kuliko wote."

Akaishia hapo. Uani maji yakaacha kushuka.

"Malizia," nesi alisema.

"Sikujua angemfanya nini."

"Ulijua," ilisema ile sauti, kwa upole kabisa.

Injinia akainua uso, akamtazama mama yake machoni, akamjibu aliyekuwa nyuma ya macho hayo.

"Nilijua. Nilikupa mama."